Kazi Yenye Kukua

Tulipokuwa vijana neno "fursa" halikuwa la kila siku. Tulisema "nafasi", na nafasi ilikuwa kitu kilichoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani katika ofisi ya Afisa Elimu: nafasi kadhaa za ualimu, mbili tatu za ukarani, moja ya udereva. Uliipata, au uliikosa ukarudi nyumbani. Siku hizi fursa haibandikwi popote. Inasemekana imezagaa kila mahali, na asiyeiona alaumu macho yake mwenyewe. Ndiyo maana vijana wanaonijia barazani tangu nilipostaafu hawaniulizi kazi ipi ni nzuri, wala ipi ina heshima, wala hata ipi ina mshahara mnono. Wananiuliza, "Babu, ni kazi gani inayokua?"

Wazee wenzangu wengine hulicheka swali hilo, wakidhani ni tamaa tu ya vijana wa leo. Mimi silicheki. Kijana anayeuliza hivyo ameshaona jambo la kweli, kwamba watu wawili wenye akili sawa na bidii sawa waweza kufika mahali tofauti kabisa, kwa sababu mmoja alipanda chombo kinachotweka tanga na mwenziwe akapanda kilichokwisha kutia nanga. Hata hivyo, ndani ya swali lile moja mna maswali mawili. La kwanza ni la hesabu: kipi kinakua? La pili ni la maadili: je, kukua kwa kitu ni sababu ya kutosha ya mtu kukitolea umri wake, pamoja na mali ya wale waliomlea? Aghalabu watu hulijibu la kwanza, wakadhani wamekwisha kulijibu na la pili.

Nianze na ushahidi ulio upande wa vijana, maana mimi mwenyewe ni tunda la kazi iliyokua. Nilitoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, ikaamuliwa kwamba ifikapo 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule ya msingi awe darasani. Madarasa yakaota kama uyoga baada ya mvua. Walimu hawakutosha, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakajifunza kazi huku wakiifanya. Katika msukumo huo nikafanywa mwalimu mkuu nikiwa sijatimiza miaka thelathini. Sikuwa hodari kuliko walimu walionitangulia, ambao wengine walikingoja cheo kile mpaka mvi zikawaota. Shule zilikuwa nyingi kuliko watu wa kuziongoza, basi. Na hii ndiyo faida halisi ya kazi inayokua, tena ni kubwa kuliko mshahara: hukupa madaraka kabla hujawa tayari, na madaraka hayo ndiyo yanayokukomaza. Kijana aliye katika kazi iliyosimama hungoja mkubwa wake astaafu au afe.

Lakini ukuaji huohuo una udanganyifu wake. Mtu aliyeinuliwa na maji ya kujaa huweza kudhani amerefuka. Nimewaona walimu wa rika langu waliopandishwa haraka wakaamini kwamba ni kimo chao. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 mshahara wa mwalimu haukufika katikati ya mwezi. Maji yalikupwa, kila mmoja akasimama kwa miguu yake. Waliokuwa wamejifunza kufundisha waliendelea kufundisha, jioni wakalima mihogo, wake zao wakakaanga vitumbua vya kuuza. Waliokuwa wamejifunza cheo tu hawakujua waanzie wapi.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko tunavyoitumia. Tunalo neno kukua, lakini tunayo pia kuvimba, kufura, kunenepa, kutanuka, kuongezeka. Mtoto hukua, na jipu nalo hukua, tena haraka kuliko mtoto. Ukichukua futi na kuvipima vyote viwili kila Jumatatu, futi itakuambia kitu kilekile: kimeongezeka. Tofauti haimo katika kipimo. Imo katika kuuliza kitu hiki kinakula nini, na kikishakuwa kikubwa kitafanya kazi gani. Wanaozungumza juu ya fursa kwenye semina wana futi nzuri sana, ila maswali haya mawili sijawasikia wakiyauliza mara nyingi.

Mimi ni mtu wa kusini. Nimefundisha karibu miaka arobaini katika wilaya za Nachingwea, Masasi na Mtwara, na sisi wa kusini tumefundishwa somo la vitu vinavyokua kwa gharama kubwa. Baba zetu walianza na karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, mamilioni ya ekari, ili Waingereza wapate mafuta baada ya vita. Matrekta yalikuja, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Kijana wa wakati ule aliyeuliza kazi ipi inakua angejibiwa na kila mtu, mweupe kwa mweusi, kwamba aende kwenye karanga. Januari 1951 mpango ulifutwa, zaidi ya pauni milioni 36 zikiwa zimezama ardhini. Reli ikang'olewa baadaye. Watoto niliowafundisha walipita juu ya tuta lake bila kujua lilikuwa la nini.

Katika kijiji nilichoanzia kazi walikuwapo wazee wawili waliokwenda kwenye karanga siku moja. Mmoja aliwekwa karakana, akashikishwa spana na mafundi wa matrekta. Mwingine, ambaye alijua kusoma na kwa hiyo alihesabiwa kuwa na bahati zaidi, aliwekwa ghalani kuhesabu mifuko. Mpango ulipokufa yule wa spana alirudi na mikono yake. Alitengeneza mashine za kusaga, magari ya misheni, baiskeli, pampu za maji, hadi macho yalipomwishia. Yule wa ghalani alirudi na kumbukumbu ya mifuko. Alikuwa mtu mwema na msimuliaji hodari, lakini alichokuwa anakijua kilikuwa kimeondoka pamoja na mwenye ghala. Nimewafikiria wazee hawa mara nyingi kuliko vitabu vingi nilivyosoma chuoni. Walikwenda mahali pamoja, wakati mmoja, kwenye kitu kilekile kilichokuwa kikikua, nacho kilikufa juu yao wote wawili siku moja.

Baada ya karanga ikaja zamu ya korosho, na hapa hesabu yenyewe ndiyo iliyowapotosha watu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000, nyingi kutoka kwetu. Wataalamu walitazama takwimu, wakaona mstari unaopanda, wakaupeleka mbele kwa rula, wakapanga viwanda vya kubangua korosho kwa kufuata mstari ule. Vingi vilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Vilipokamilika korosho hazikuwapo. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima haikulingana na jasho lake, na ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga wa muhogo, ulikuwa umeshambulia maua. Msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha tani 20,000. Viwanda vikageuka maghala na makao ya popo.

Ningeishia hapo, msomaji angedhani korosho ni hadithi ya kufa. Sivyo. Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kilitufundisha kutumia salfa dhidi ya ubwiriunga na kikatoa miche bora. Biashara ikafunguliwa katika miaka ya 1990, na waliokuwa hawajakata mikorosho wakaanza kupalilia tena. Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000. Msimu uliofuata bei ikavurugika, hata Novemba 2018 serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba.

Sasa nakuuliza, msomaji: kijana angepaswa kushauriwa aingie katika korosho mwaka gani? Mwaka 1974 kila mshauri angesema ndiyo, na 1987 kila mshauri angesema hapana. Aliyetii mwaka 1974 aliingia wakati kitu kimefika kileleni. Aliyetii mwaka 1987 akakata mikorosho apate mkaa, alikata kitu kilichokuwa kinakaribia kurudi. Takwimu hutuambia kitu kilikuwa wapi. Zinapokuwa nzuri kiasi cha kutangazwa, wengi wameshafika, na wewe unaambiwa uje kwa kuwa wao wanahitaji mtu wa kusimama nyuma yao.

Nitaieleza gesi kwa urefu kidogo, maana hii vijana wangu wameiona kwa macho yao. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay 1982, lakini homa yenyewe ilianza baada ya 2010, yalipoanza kupatikana makubwa kwenye kina cha bahari. Ikasemwa jumla ni futi za ujazo trilioni 57. Sijui ni wangapi kati yetu tulioweza kuwaza futi moja ya ujazo wa gesi, lakini trilioni tulizifahamu upesi. Viwanja Mtwara mjini vikapanda bei kila baada ya miezi michache. Hoteli zikajengwa. Vyuo vikaanzisha masomo ya mafuta na gesi, na wazazi waliokuwa na mwana mmoja mwenye kichwa cha sayansi wakauza mbuzi, korosho zikiwa bado mtini, hata mashamba. Ilipojulikana kwamba gesi itapelekwa Dar es Salaam kwa bomba, watu waliona wanaporwa kesho yao. Januari na Mei 2013 palikuwa na ghasia. Nyumba zilichomwa na watu walipoteza maisha. Sitaki kulihukumu jambo lile hapa. Nalitaja ili ionekane kwamba tumaini la kazi si jambo la mzaha. Watu waliumia kwa ajili ya ajira ambazo hazikuwa zimekuwapo bado.

Bomba lilijengwa, zaidi ya kilomita 500, likazinduliwa mwaka 2015, na gesi inakwenda, inazalisha umeme. Kwa kipimo cha futi, gesi imekua. Lakini vijana wengi waliosomea gesi hawako kwenye gesi, na sababu zake mbili zafaa kujulikana kwa kila anayechagua kazi.

Bomba, reli au kiwanda huhitaji watu wengi wakati wa kujengwa na wachache wakati wa kufanya kazi. Wakati wa kujenga huonekana vumbi, magari, mahema, wachomeleaji, wapishi, walinzi, na mji mzima hudhani hivi ndivyo itakavyokuwa siku zote. Kumbe lile ni vumbi la wajenzi. Bomba likishafukiwa, kazi yake ni kulala pale kimya, na watu wachache wenye ujuzi wa juu hukaa mbele ya vioo wakisoma namba. Leo nayasikia maneno kama yale ya Mtwara kuhusu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Heri kwao. Kijana wa Tanga akiniuliza, nitamwuliza kwanza kama anayoitaka ni kazi ya kulijenga au ya kuliendesha, maana moja ni ya miaka michache na nyingine ni ya watu wachache.

Sababu ya pili ni nani aliyeshika ufunguo. Kiwanda kikubwa cha kusindika gesi iwe kimiminika, kilichokusudiwa Lindi, ndicho kilichobeba matumaini mengi. Mwaka 2014, katikati yake, pipa la mafuta liliuzwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Makampuni yakashika kalamu upya, na mazungumzo ya kiwanda kile yakavuka muongo mzima. Hakuna mwanafunzi wa Mtwara aliyekosea swali lolote katika mtihani wake. Kesho yake ilikuwa imening'inizwa kwenye uamuzi mmoja, wa watu wachache, katika vyumba vya mbali, kwa hesabu ambazo yeye hayumo. Linganisha na mahitaji ya watu elfu ishirini waliotapakaa vijijini, kila mmoja akiwa na shida yake ndogo na shilingi zake chache. Hao hawawezi kukutana siku moja wakaamua kwamba hawataki tena kutibiwa, kusaga, kupulizia mikorosho au kusomesha watoto.

Juu ya kupulizia nina mfano ambao huwapa vijana, ingawa wao huuona mdogo. Mwanafunzi wangu mmoja hakuchaguliwa kwenda sekondari. Mwishoni mwa miaka ya 1990, salfa ilipokuwa imerudi, aligundua kwamba kila kijiji kina mashine za kupulizia zilizoharibika, na kwamba zinaharibika palepale zinapohitajiwa, miezi ile ya maua, wakati mkulima hawezi kuliambia ua lingoje wiki mbili mpaka fundi atoke mjini. Hakusoma takwimu yoyote. Aliona watu wamekaa chini ya mwembe na mashine mapajani, wanangoja. Akaenda kujifunza kwa fundi wa pikipiki kwa mwaka mzima bila malipo, akarudi. Leo ana vijana wanne chini yake, na pikipiki za bodaboda zilipojaa alikuwa tayari anazijua. Mimi huamini foleni kuliko hotuba. Mahali ambapo watu wanangoja kwa uchungu na hakuna wa kuwahudumia, pana kazi, hata kama haijapewa jina la kupendeza.

Hapa yupo atakayenipinga kwa methali. Ataniambia mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na kwamba nikiwaza hivi nitawafunga vijana nyumbani. Mwingine atakuja kunisaidia na yake, usiache mbachao kwa msala upitao, adhani tuko pamoja. Nadhani wote wawili wanazisoma methali zao haraka mno. Mgaagaa na upwa haendi kilindini. Hutembea pwani anayoijua, kwa saa ambayo maji yamekupwa, akitazama chini. Ni mtafutaji, lakini anatafuta pale ambapo macho yake yana elimu. Na methali ya mbacha haikukataza kuutazama msala unaopita, wala kuuliza bei yake. Imekataza kuacha, yaani kubaki huna hata pa kukalia.

Nije sasa kwenye swali la pili, ambalo kwa mtazamo wangu ndilo zito. Tuseme kijana amepiga hesabu sawasawa, na kazi aliyoiona kweli inakua. Je, ana haki ya kuifuata kwa sababu hiyo tu?

Kwanza, inategemea anayecheza ni nani na kinachowekwa mezani ni cha nani. Vitabu vya kutia moyo vilivyoandikwa ng'ambo humwambia msomaji ajasiri, ajitose, akianguka atainuka. Vinamdhania mtu aliye peke yake. Kwetu kijana anayejitosa huwa amebebwa: ada yake ni shamba la mama, nauli yake ni akiba ya kaka aliyeacha shule ili yeye asome. Akianguka, anayeumia kwanza si yeye. Sisemi asijaribu, maana hata kutojaribu ni hasara kwa haohao. Nasema hana ruhusa ya kuuita ujasiri wake, ilhali wali unaowekwa rehani ni wa watu wengine, na kwamba wana haki ya kuelezwa hatari yote kwa Kiswahili chepesi kabla hawajatia dole gumba kwenye karatasi ya kuuza. Wazazi wengi niliowajua waliambiwa faida tu.

Pili, wapo wale watakaohudumiwa na kazi yenyewe. Miaka ya 2000, shule zilipopanuliwa tena kwa MMEM na MMES, ualimu ukawa kwa mara nyingine kazi inayokua. Wakaletwa vijana wa kidato cha sita wenye mafunzo ya wiki chache, wale waliopachikwa jina la utani la "voda fasta". Walidharauliwa kuliko walivyostahili. Baadhi yao walibaki, wakajiendeleza, wakawa walimu wazuri kabisa. Lakini wengine waliingia kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, wakatoka siku mlango mwingine ulipofunguliwa, katikati ya muhula, bila kuaga. Nakumbuka darasa moja lililofundishwa hisabati na watu watatu mwaka mmoja, na kila mmoja akianza upya na sehemu kwa sababu hakujua mwenzake aliishia wapi. Mwisho wa mwaka watoto wale walijua sehemu mara tatu na hawakujua jometri hata kidogo.

Nani aliwadhulumu? Mkataba ulimruhusu kijana kuacha kazi. Mshahara ulikuwa mdogo, na alikotoka kulikuwa na wadogo zake wanaomtegemea. Kila nikilifikiria nafika palepale: mtu ana ruhusa ya kuingia katika kazi kwa sababu inakua, lakini akishaingia, aliye mbele yake anapata dai ambalo halikutokana na kukua. Mtoto aliyefunguliwa kitabu ukurasa wa kumi na mbili anadai ukurasa wa kumi na tatu. Mgonjwa aliyefunguliwa kidonda anadai kifungwe. Dai hili si la milele, sikubaliani na wale wanaotaka mwalimu afe na chaki mkononi kama mtakatifu, maana maneno hayo yametumika mno kama badala ya kumlipa. Lakini lina kima chake. Amalize muhula. Aandike alipoishia. Amwelekeze anayemfuata. Ajabu ni kwamba wale walioondoka hivyo, kwa adabu, ndio niliosikia baadaye wamefanikiwa huko walikokwenda. Lakini sitajenga hoja juu ya jambo hilo, maana hata wasingefanikiwa dai lingekuwa lilelile.

Na leo ualimu wenyewe? Wapo wahitimu wa ualimu, tena wa chuo kikuu, wanaongoja ajira kwa miaka, katika nchi ambayo bado ina madarasa yenye watoto mia moja. Hitaji linakua, ajira haikui. Haya ni mambo mawili, na kijana anayechanganya hitaji na ajira atajikuta ana ujuzi unaotakiwa na kila mtu lakini hakuna mwenye fungu la kuulipia. Namshauri atazame yote mawili, nani anangoja na nani atalipa.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alimaliza kidato cha sita na akaniletea swali hili akiwa na karatasi za chuo kimoja cha binafsi cha Dar es Salaam kinachofundisha mambo ya kompyuta na takwimu. Picha za vijana wanaocheka zilikuwa nzuri. Baba yake alikuwa tayari kuuza ekari mbili za mikorosho kulipia miaka mitatu. Hawakuniuliza kama wauze. Waliniuliza kama kazi ile inakua. Nikawaambia inakua, hilo halina ubishi, na hata mimi mwenye simu ya kubonyeza naliona. Kisha nikamwomba binti yule awatafute watu kumi waliomaliza chuo kile miaka mitatu iliyopita, si wale walio kwenye picha, awaulize mambo matatu: Jumanne asubuhi unafanya nini, usipokwenda kazini ni nani anayekwama, na mwajiri wako akifunga mlango utaondoka na nini mikononi.

Ilimchukua karibu mwezi. Saba walimjibu. Wawili wanafanya kazi waliyoisomea. Watatu ni mawakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, mmoja anafundisha kompyuta katika shule ya binafsi, mwingine amerudi kwao na hakutaka kusema zaidi. Baba yake alipoisikia hesabu hiyo alitaka kufunga mjadala. Lakini binti alikuwa na ukurasa mwingine katika daftari. Mmoja wa wale wawili yuko Masasi, anaviwekea vyama vya msingi vya ushirika hesabu za mzigo wa ghalani, nani ameleta kilo ngapi, nani amelipwa, nani bado. Alimwambia kwamba makatibu wa vyama humfuata hadi nyumbani usiku msimu ukifika, na kwamba kazi nyingine amezikataa kwa kukosa mtu wa kumsaidia. Binti ameomba akakae naye miezi miwili, bila malipo, aone kazi hiyo ilivyo, kisha aamue kama anahitaji chuo kile, au kingine cha ada nafuu, au pengine asome uhasibu kwanza.

Mama yake haoni vema msichana kwenda kujifunza kazi kwa mtu ambaye jamaa hawamjui, na hoja hiyo ina uzito. Tumeafikiana akae kwa shangazi yake, ambaye yuko hapohapo Masasi. Ada ya chuo yatakiwa kabla ya Oktoba. Mnunuzi wa ekari zile mbili amepiga simu mara mbili. Mikorosho imeanza kutoa maua, na baba yake ameshakwenda chamani kuchukua salfa ya msimu.